Gari la Zamani Linapopewa Kikombe, Fundi Wake Yuko Wapi?

Mwezi Oktoba 2024 mji wa Arusha, nchini Tanzania, ulijaa magari ya jina moja: Land Rover. Yalitoka mikoa ya mbali na ya karibu, mengine mapya, mengi ya zamani, yakapangwa uwanjani watu wayatazame, kisha yakapita barabarani kwa msururu mrefu. Shabaha ya waandaaji ilikuwa kuvunja rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018, ambako Land Rover 632 zilipita pamoja. Wao walitangaza kwamba za Arusha zimezidi 1,000.

Habari hizo zilivuka mto Ruvuma zikatufikia sisi wa Palma, Quionga na Mocímboa da Praia. Gari hilo tunalijua. Wazee wetu wamelisukuma matopeni, wamelala chini yake njiani, wamepanda juu ya mizigo yake wakienda harusini na misibani. Kwa hiyo tumefurahi kusikia kwamba limepewa siku yake. Lakini chama cha wafanyakazi hakiwezi kutazama gari likimeremeta bila kuuliza swali lake la siku zote: ni mikono ya nani iliyofanya kazi hii, na mikono hiyo imepata nini?

MAONYESHO HAYA NI YA NAMNA GANI

Kwa wasomaji ambao hawajapata kuyaona, tueleze kwa kifupi. Wenye magari ya zamani hukusanyika mahali pa wazi, kwenye majani au uwanjani, kila mmoja na gari lake. Boneti hufunguliwa, milango huachwa wazi, na watu hupita wakitazama. Mahali pengine huwa ni furaha tu ya siku moja. Mahali pengine huwa ni mashindano.

Mashindano yanayojulikana zaidi Afrika ya Mashariki ni yale ya Nairobi yanayoitwa Concours d'Elegance. Yalianza mwaka 1970, na kwa miaka mingi yamefanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yakiandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo. Waamuzi hupita na karatasi zao wakitoa alama. Hutazama rangi ya nje, viti na sakafu ya ndani, injini, buti, hata chini ya gari ambako mtu wa kawaida hachunguzi. Taa na vyombo vya usalama navyo hutazamwa. Doa la oili au nati yenye kutu huweza kumpotezea mtu ushindi.

Hapo fundi yeyote atacheka kidogo. Maana ukitazama orodha ya mambo yanayopewa alama utaona kwamba yote ni kazi ya fundi: fundi bodi, mpiga rangi, fundi umeme, fundi injini, mshona viti. Mwenye gari amelipa gharama na ameonyesha mapenzi, hilo hatulikatai. Lakini kikombe kinapotolewa huchukuliwa na mwenye gari, na jina linaloandikwa gazetini ni lake. Wahenga wetu wa pwani walikwisha kuonya: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha.

Wapo mafundi waliopata kukumbukwa. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, katika Volvo ambayo haikuwa mpya. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Huyu alijifunza kazi ya ufundi katika gereji ya baba yake kabla ya kuwa bingwa. Alilijua gari kwa ndani, na ndiyo maana alijua lini alikaze mwendo na lini alionee huruma. Leo magari ya aina ile ya zamani yana mashindano yao, Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003. Lakini kwa Joginder mmoja tunayemkumbuka, ni mafundi wangapi waliolala gerejini usiku kucha ambao hatuwajui hata kwa jina?

GARI LINALOZALIWA MARA YA PILI

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani tarehe 30 Aprili 1948 mjini Amsterdam. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma cha pua kilikuwa haba, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa bati la alumini. Kiwanda kilikuwa Solihull, na gari la mwisho la umbo lile la asili lilitoka kiwandani humo tarehe 29 Januari 2016. Hiyo ni karibu miaka 68.

Hayo ndiyo maisha ya kiwandani. Maisha ya huku kwetu ni mengine. Gari lililotoka Solihull na viti vichache huingia gereji za Arusha likatoka na umbo jipya kwa kazi ya watalii: chesisi imekatwa na kuongezwa urefu, bodi imeunganishwa upya, paa limefanywa la kuinuka ili mgeni asimame kutazama simba. Wachomeleaji wanaofanya kazi hiyo hupima kwa utepe na jicho. Wakikosea kwa kiasi cha kidole, gari litakwenda upande kama kaa. Hawakosei, na gari hutembea Serengeti miaka na miaka.

Vivyo hivyo Zanzibar, ambako mafundi seremala walijenga bodi za mbao juu ya chesisi za malori ya Kiingereza, yakawa mabasi ya abiria yenye madirisha wazi. Chini ni kazi ya kiwanda cha Ulaya, juu ni kazi ya seremala wa Kiswahili. Basi la namna hiyo likipangwa kwenye maonyesho, kibao chake kitaandikwa jina la kiwanda gani?

Kwa maoni yetu, gari la zamani la Afrika lina wazazi wawili: mfanyakazi aliyeliunda na mfanyakazi aliyelifufua. Huyu wa pili amelifanyia kazi muda mrefu kuliko yule wa kwanza.

CHUMVI YA PWANI YETU

Sisi wa pwani tuna adui ambaye wenzetu wa Arusha hawamjui sana. Ni chumvi. Watu husema Land Rover haipati kutu kwa sababu bodi yake ni alumini. Fundi wa Palma anajua kwamba huo ni ukweli nusu. Bodi ni alumini lakini chesisi ni chuma, na pale vitu hivyo viwili vinapogusana, maji ya chumvi yakaingia kati, alumini huliwa ikageuka unga mweupe kama wa muhogo. Chesisi nayo ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Mchanga na tope la chumvi huingia, hukaa, na chuma huoza kuanzia ndani kuja nje. Kwa nje utaona rangi nzuri. Ukigonga kwa nyundo, nyundo inazama. Sehemu ya kuanza kuoza mara nyingi ni ile boriti ya nyuma kabisa, na baada yake sakafu ya miguuni.

Mafundi wetu wamejifunza dawa yake bila kitabu. Gari likipita ufukoni huoshwa kwa maji baridi ya kisima, hasa chini. Matundu ya chesisi ya kutolea maji huzibuliwa kwa waya. Kati ya bati na chuma huwekwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu. Springi iliyovunjika haitupwi. Jani zima hutolewa likawekwa kwenye gari jingine. Gasketi isipopatikana hukatwa kwa mkasi kutoka karatasi nene. Na petroli yenye risasi ilipokoma katika nchi zetu mwanzoni mwa mwaka 2006, injini nyingi za zamani zilihitaji viti vya valvu vilivyo vigumu zaidi, maana vile vya mwanzo vililindwa na risasi ile ile. Fundi alilazimika kulijua na hilo.

Huu ni ujuzi wa kweli, sawa na ujuzi wa nahodha anayejua kusi na kaskazi. Mwenye ujuzi huo akifa bila kumfundisha kijana, anaondoka nao.

HISTORIA ILIYOMO KATIKA CHUMA

Wenzetu wa maonyesho hupenda kueleza historia ya magari yao. Sisi nasi tunayo ya kwetu, japokuwa si ya kumeremeta.

Ng'ambo ya Ruvuma, kule Nachingwea, Waingereza walianzisha mashamba makubwa ya karanga mwaka 1947. Waliteua sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walileta matrekta, mengi yakiwa masalia ya vita, hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia. Mitambo ile iliharibika upesi, vipuri havikutosha, na ardhi na mvua havikuwafuata wapangaji wa London. Mwaka 1951 mpango ulikuwa umekwisha kuanguka. Kilichobaki ni bandari ya Mtwara na watu waliojifunza kushika usukani na spana. Hilo ni funzo: fedha nyingi na mitambo mingi pasipo mafundi wa kutosha ni chuma cha kuozea porini.

Upande wetu wa mto, vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964 hapa hapa Cabo Delgado, huko Chai. Mwaka huo huo Wareno walianza kuunganisha malori ya Berliet katika mji wa Tramagal, nchini kwao, kwa ajili ya jeshi lao. Katika barabara za kwenda Mueda lori la mbele lilijazwa mifuko ya mchanga ili liwe la kwanza kukanyaga bomu lililofukiwa. Liliitwa kwa Kireno rebenta-minas, kipasua mabomu. Tafakari, ndugu msomaji, hali ya dereva aliyepangiwa lori hilo. Wakati huo upande wa wapigania uhuru silaha na chakula vilibebwa kichwani kutoka mpakani, na akina mama wakiwa katika msafara. Mashine za adui zilikuwa nyingi, na bado nchi ilipata uhuru mwaka 1975.

Kisha yakaja mabaya ya miaka ya karibuni. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, ikatekwa Agosti 2020, ikakombolewa Agosti 2021. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021. Magari yalichomwa barabarani, madereva na mautingo waliuawa, gereji ziliporwa. Mafundi walikimbilia Pemba, Montepuez na kwingineko, wengine hawana kitu ila nguo za mwilini. Fundi akipoteza masanduku ya spana amepoteza shamba na jembe kwa pamoja. Kwa sababu hiyo, tunapowaona watu wakisherehekea gari lililodumu miaka 50, sisi tunawakumbuka waliokuwa wakiyadumisha magari ya namna hiyo kwetu.

KAZI INAYOUA POLEPOLE

Sasa tuje kwenye jambo zito zaidi. Gari la zamani lina sumu ndani yake, na anayeila ni fundi.

Kwanza, breki na klachi za magari ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto. Fundi hufungua gurudumu, akaona vumbi, akalipuliza kwa mdomo au kwa pampu ya upepo. Vumbi hilo likiingia mapafuni halitoki, na huweza kuleta saratani baada ya miaka 20 au 30, wakati fundi amekwisha kusahau gari lenyewe. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 162 juu ya asbesto mwaka 1986, na Msumbiji ilipiga marufuku asbesto mwaka 2010. Lakini sheria haijui kuingia ndani ya breki ya gari la mwaka 1970 na kuiondoa. Lowesha vumbi kwa maji, lifute kwa kitambaa kilicholoa, kisha kitambaa hicho kifungwe na kufukiwa. Usipulize kamwe.

Pili, oili chafu. Wengi huipaka chesisi ili kuzuia kutu, wakitumia mikono mitupu. Oili iliyokwisha kutumika ina vitu vinavyodhuru ngozi na kuweza kuleta saratani. Tumia brashi na glavu, na usiimwage karibu na kisima.

Tatu, kunyonya petroli kwa mpira. Kila mwanagenzi amefundishwa hivyo, na kila mmoja amepata kumeza. Petroli ikiingia mapafuni huweza kuua. Tumia pampu ya mkono.

Nne, jeki. Jeki ni ya kuinulia gari. Si ya kulishikilia wakati mtu yuko chini. Weka magogo au stendi imara pande zote kabla hujaingia. Na kabla ya kuchomelea, ondoa waya wa betri na sogeza mbali tangi la mafuta.

Wapo watakaosema mambo haya ni madogo. Tuwakumbushe yaliyotokea Zanzibar. Beit al Ajaib ni jumba la kale linalopendwa na dunia nzima. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, sehemu yake iliporomoka ikaua wafanyakazi wawili. Kitu cha kale kinapoheshimiwa kuliko mtu anayekitengeneza, matokeo huwa ni hayo.

SHAURI MOJA LILILOLETWA KWETU

Tunalo shauri ambalo litaonyesha tunachosema, bila ya kumtaja mtu. Bwana mmoja wa pwani yetu alikuwa na Land Rover iliyokaa miaka mingi chini ya mkorosho. Alimwita mzee fundi na vijana wake wawili, wakapatana kwa maneno. Kazi ilichukua miezi minane. Chesisi ilichomelewa upya nusu nzima, injini ilifunguliwa yote, bodi ikanyooshwa na kupigwa rangi. Gari likawa zuri hata watu wakaja kupiga picha nalo. Muda si mrefu liliuzwa kwa mgeni kwa bei nzuri.

Mzee fundi alilipwa nusu ya mapatano. Vijana hawakulipwa, waliambiwa kwamba chakula cha mchana walichokula ndicho malipo yao, kwani walikuwa wakijifunza. Walipokuja kwetu tuliwauliza: mmeandikiana? Hawakuandikiana. Hapakuwa na karatasi wala tarehe. Tuliketi na mwenye gari pamoja na wazee wa mtaa mara tatu. Mwishowe alikubali kumlipa mzee kidogo kidogo, na kuwapa vijana kitu. Tulilipata hilo kwa sababu ya aibu yake mbele ya wazee. Haki ya mfanyakazi isitegemee aibu ya mtu.

CHETI KWA ALIYEJIFUNZA KAZINI

Vijana wale wawili wana tatizo jingine. Wakienda kuomba kazi katika kampuni kubwa za mradi wa gesi wataulizwa cheti. Hawana, ingawa wamefungua injini nyingi kuliko baadhi ya wenye cheti.

Majirani zetu wamelifanyia kazi jambo hili. Tanzania ina VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini, wakamwonyesha mahali anapopungukiwa, kisha wakampa cheti. Kenya ina mitihani ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na mafundi wake wa jua kali huifanya. Jina hilo la jua kali lenyewe ni la kufikiri. Wao hufanya kazi nje, juani, kila siku ya mwaka. Magari ya maonyesho hukaa juani siku moja tu, na hata hivyo huletewa mwavuli.

Sisi katika Msumbiji tulianza na mabaraza ya uzalishaji mwaka 1976, na kutoka humo ikazaliwa OTM mwaka 1983. Mabaraza yale yaliundwa viwandani na kwenye kazi kubwa. Fundi wa chini ya mwembe hakuwa na baraza. Nembo ya taifa letu ina gurudumu la meno, alama ya kazi na viwanda. Gurudumu hilo ni lake naye.

TUNASHAURI HIVI

Kwa hiyo tunatoa mashauri yafuatayo kwa wanachama, wenye gereji, wenye magari na wote wanaoandaa maonyesho popote Afrika ya Mashariki:

1. Kila gari la zamani linalowekwa uwanjani liwe na kibao chenye majina ya mafundi waliolitengeneza, pamoja na jina la mwenye gari. Panapotolewa kikombe, kiwepo na cha fundi.

2. Kila kazi inayozidi wiki moja iandikwe kwenye karatasi: ni kazi gani, malipo kiasi gani, yatalipwa lini, na wanagenzi watapata nini. Wote watie sahihi au dole gumba. Ofisi ya chama itasaidia kuandika bila malipo.

3. Mwanagenzi alipwe. Kujifunza hakuondoi njaa.

4. Maonyesho yatumiwe kufundisha. Mzee mmoja akifungua injini mbele ya vijana kwa saa mbili, watafaidika kuliko kutazama rangi kutwa nzima.

5. Mafundi waliorudi Palma na Mocímboa da Praia baada ya kupoteza vyombo vyao waungane katika vikundi, wanunue jeki, stendi na mashine ya kuchomelea kwa ushirika.

6. Serikali na kampuni za mradi wa gesi zikubali kupima ujuzi wa fundi kwa vitendo, na kumpa cheti anayestahili.

Wanachama wa kila tawi wanaombwa kuanza na jambo jepesi mwezi huu: waandike majina ya mafundi wazee wa mji wao, kazi wanazozijua, na vijana walio chini yao. Orodha hizo zipelekwe kwa katibu wa tawi. Tukiwa nazo mkononi tutajua tunadai kwa ajili ya nani, na mwajiri akituuliza mafundi hao wako wapi, tutamwonyesha.